UZI MAALUMU: Kuweka programu ya wavuti (WAR) kwenye Tomcat ili toleo jipya lisifute kazi yako

#1 mlinzi_wa_logi (mtoa uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Kuna kisa kimoja kinachojirudia kila mara. Mtu anapewa faili la WAR (kifurushi cha programu ya wavuti ya Java), analitupa kwenye `webapps`, folda ya programu ya Tomcat (seva inayoendesha programu kama hizo), linawaka, kila mtu anafurahi. Baadaye linakuja toleo jipya. Analiweka juu ya lile la zamani, na ghafla nenosiri la kanzidata limerudi la kiwandani, viambatisho vya watumiaji havionekani na nembo ya taasisi imepotea. Hapo Tomcat haijakosea. Ikiona WAR mpya hufuta folda iliyofunguliwa kutoka kwenye WAR ya zamani, kisha hufungua upya. Chochote ulichokihariri ndani ya folda hiyo kinaondoka nayo.

Msimamo wangu katika uzi huu ni mmoja: Tomcat yenyewe, mipangilio ya seva, faili la programu na data za watumiaji vikae sehemu nne tofauti. Ukifanya hivyo, unaweza kubadilisha kimoja bila kugusa vingine. Nitaeleza kwa mfano wa programu inayoitwa `ghala`, kwenye Linux, na kanzidata ya PostgreSQL.

Kabla ya kupakua chochote, ujue WAR yako ni ya zama zipi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwaka 2017 Oracle ilitangaza kuikabidhi Java EE (viwango vya Java vya programu za seva) kwa Eclipse Foundation, na mwaka uliofuata ikaitwa Jakarta EE. Jina la Java lilibaki kuwa alama ya biashara ya Oracle, hivyo vifurushi vilivyoanza na `javax.servlet` vikalazimika kuwa `jakarta.servlet`. Kwa mwanadamu ni tofauti ya jina tu. Kwa mashine ni maktaba mbili zisizofahamiana kabisa.

Tomcat 9 inasoma `javax` na inaanzia Java 8. Tomcat 10.1 inasoma `jakarta` na inataka Java 11 kwenda juu. Tomcat 11 nayo ni `jakarta`, inataka Java 17. Programu iliyojengwa kwa Spring Boot 2 (Spring ni mfumo wa kujengea programu za Java) ni ya Tomcat 9, ya Spring Boot 3 ni ya Tomcat 10.1. Kama hujui, fungua WAR uangalie ndani:

`unzip -l ghala.war | grep -E "spring-web|servlet"`

Ukiona spring-web ya 5 ni `javax`, ya 6 ni `jakarta`. Usichague Tomcat kwa sababu ndiyo mpya kuliko zote. Chagua ile ambayo programu yako iliandikiwa.

Sasa folda. Pakua tar.gz kutoka tovuti ya Apache Tomcat, hakiki alama ya SHA-512, kisha ifungue ndani ya `/opt` kwa jina lenye namba ya toleo. Tengeneza kiungo cha `ln -s` kiitwacho `/opt/tomcat` kinachoelekea huko. Folda hiyo ndiyo CATALINA_HOME, na baada ya hapo usiiguse tena. Usihariri kitu ndani yake, wala usiweke WAR humo.

Kazi yote inafanyikia CATALINA_BASE, ambayo ni folda nyingine. Tomcat inakuja na skripti ya kuitengeneza:

`/opt/tomcat/bin/makebase.sh /srv/ghala`

Utapata `conf`, `logs`, `webapps`, `work`, `temp`, `bin` na `lib` zako mwenyewe. Siku ya kupandisha Tomcat kutoka toleo dogo moja kwenda jingine, unafungua tar.gz mpya pembeni, unageuza kile kiungo, unawasha upya. Ikikataa, unakirudisha kiungo kilipokuwa.

Mtumiaji. Tengeneza mtumiaji `tomcat` asiye na ganda la kuingilia. Usiendeshe Tomcat kama root hata kwa majaribio, kwa sababu mafaili yatakayoandikwa na root siku hiyo yatakusumbua siku ya kurudi kwa mtumiaji sahihi. Folda ya `conf` iwe ya root, kundi la `tomcat` lisome tu. Folda za `logs`, `work`, `temp` na `webapps` ziandikwe na `tomcat`.

Faili la konteksti, yaani mipangilio ya programu moja ndani ya Tomcat. Huu ndio moyo wa jambo lote. WAR usiiweke `webapps`. Iweke `/srv/programu/ghala.war`, kisha andika faili hili: `/srv/ghala/conf/Catalina/localhost/ghala.xml`

```
<Context docBase="/srv/programu/ghala.war">
  <Resource name="jdbc/ghala" auth="Container"
    type="javax.sql.DataSource"
    driverClassName="org.postgresql.Driver"
    url="jdbc:postgresql://localhost:5432/ghala"
    username="ghala" password="..."
    maxTotal="20" maxIdle="5"
    maxWaitMillis="10000"
    validationQuery="SELECT 1" testOnBorrow="true"/>
  <Environment name="folda/viambatisho"
    type="java.lang.String"
    value="/srv/data/ghala" override="false"/>
</Context>
```

Jina la faili ndilo linalokuwa anwani: `ghala.xml` inakuwa `/ghala`, `ROOT.xml` inakuwa mzizi wa tovuti, na `idara#ghala.xml` inakuwa `/idara/ghala`. Sifa ya `path` usiiandike, hapa haisomwi. Na `docBase` isielekee ndani ya `webapps`, la sivyo programu moja inaweza kuwaka mara mbili.

Draiva ya kanzidata (maktaba inayoiunganisha Java na kanzidata) inakwenda `/srv/ghala/lib`, kwa sababu anayefungua muunganisho hapa ni Tomcat, siyo programu.

Kuiwasha. Mimi napendelea systemd (kisimamizi cha huduma cha Linux) ikiendesha `catalina.sh run`:

```
[Service]
User=tomcat
Environment=JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17
Environment=CATALINA_HOME=/opt/tomcat
Environment=CATALINA_BASE=/srv/ghala
ExecStart=/opt/tomcat/bin/catalina.sh run
SuccessExitStatus=143
Restart=on-failure
```

Njia ya JAVA_HOME badilisha iendane na mashine yako. Ile 143 ni kwa sababu Java ikizimwa kwa ishara ya 15 hutoka na namba 128+15, na systemd bila kuambiwa huhesabu kuwa ni kufeli. Kwa njia hii `catalina.out` haiandikwi, maneno yake yanakwenda `journalctl`. Usihangaike kulitafuta.

Mwisho, kwenye `server.xml`: weka `<Server port="-1">` ili poti ya kuzimia ya 8005 isifunguliwe kabisa, na kwenye Host weka `autoDeploy="false"`. Seva ya uzalishaji haipaswi kubadilika kwa sababu tu kuna mtu kanakili faili.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

---

#2 mwanzo_mpya

Mkuu shukrani sana, nimefuata kila hatua ila napata 404. Tomcat imewaka, ukurasa wenyewe unasema "The origin server did not find a current representation for the target resource". Kwenye logi sioni kosa lolote, inasema programu imemaliza kuwekwa. Kuna mstari mmoja tu kuhusu JAR (maktaba za Java) kuchunguzwa TLD (maelezo ya lebo za kurasa za JSP) na kukutwa hazina kitu.

---

#3 mlinzi_wa_logi

@mwanzo_mpya, una Tomcat ya ngapi na WAR imejengwa kwa nini? Hizo dalili nazifahamu: kuwekwa bila kosa, kisha kimya.

---

#4 mwanzo_mpya

Tomcat 10.1. Ndani ya WAR naona spring-web-5.3.

---

#5 mlinzi_wa_logi

Basi ndiyo hiyo. Spring 5 inajitambulisha kwa Tomcat kupitia `javax.servlet.ServletContainerInitializer`. Tomcat 10.1 inatafuta ya `jakarta`. Haioni chochote cha kuwasha, kwa hiyo inaichukulia WAR yako kama folda ya mafaili matupu, inaiweka, inaripoti imemaliza. Kosa halipo kwa sababu hakuna kilichojaribiwa kikashindwa.

Una njia mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ningeifuata, pakua Tomcat 9 na uelekeze kiungo huko. Tahadhari moja: `conf` iliyotengenezwa na Tomcat 10.1 usiibebe kwenda 9, endesha `makebase.sh` ya 9 upya, kisha rudisha `ghala.xml` yako tu.

Ya pili, Tomcat 10.1 ina uwezo wa kutafsiri. Tengeneza folda `webapps-javaee` ndani ya CATALINA_BASE, weka WAR humo, na ikiwaka itageuza majina na kuweka WAR iliyotafsiriwa ndani ya `webapps`. Inafaa kwa programu ambayo mwenye msimbo hapatikani tena.

Nisisitize kitu kwa wanaojenga wenyewe: msifanye tafuta-na-badilisha ya `javax` zote kwenye msimbo. `javax.sql`, `javax.naming` na `javax.crypto` ni sehemu ya Java yenyewe, hazikuhama. Ndiyo maana kwenye mfano wangu wa konteksti `javax.sql.DataSource` imebaki ilivyo hata kwa Tomcat 11.

---

#6 mwanzo_mpya

Tomcat 9 imekubali mkuu. Sasa ukurasa wa kwanza unafunguka. Asante sana.

---

#7 dada_wa_data

Somo zuri kaka. Mimi yangu haifunguki kabisa, na logi inanipa sentensi hii tu: "One or more listeners failed to start. Full details will be found in the appropriate container log file". Hilo faili la maelezo kamili liko wapi? Nimesoma `catalina` ya leo yote, hamna kitu.

---

#8 kisimbuzi

Dada, angalia kwenye folda hiyo hiyo ya `logs`, faili linaloanza na `localhost` likifuatiwa na tarehe. Watu wengi hawalifungui kwa sababu jina lake linafanana na logi ya maombi, `localhost_access_log`, lakini ni vitu viwili. Hilo la `localhost` lenye tarehe ndimo Tomcat inamoandika makosa ya programu moja moja. Shuka hadi "Caused by" ya mwisho kabisa. Ya juu hueleza kilichoanguka, ya chini hueleza kilichokiangusha.

---

#9 dada_wa_data

Nimelipata! Ya mwisho inasema: "Cannot create JDBC driver of class '' for connect URL 'null'".

---

#10 mlinzi_wa_logi

@kisimbuzi umelieleza vizuri kuliko ningelivyoeleza mimi.

Dada, tazama hizo alama mbili tupu na hilo neno `null`. Draiva haina tatizo. Tomcat imeombwa muunganisho kwa jina fulani, na kwa jina hilo haikukuta mipangilio yoyote. Linganisha jina lililoko kwenye `web.xml` ya programu, ndani ya `resource-ref`, na jina la `Resource` kwenye faili lako la konteksti. Lazima yafanane herufi kwa herufi, bila `java:comp/env/` mbele. Kama draiva ndiyo ingekosekana, ujumbe ungekuwa "Cannot load JDBC driver class" ukifuatiwa na jina la draiva lililo kamili.

Ikiwa majina yanafanana, hakikisha faili la konteksti linasomwa. Je, nenosiri lako lina alama ya `&`? Ndani ya XML inaandikwa `&amp;`, vinginevyo faili zima linakataliwa na programu inawaka bila mipangilio au haiwaki kabisa.

---

#11 dada_wa_data

Jina lilikuwa `jdbc/Ghala` kwa herufi kubwa upande mmoja. Imekaa sawa.

---

#12 poti_8080

Wakuu, mimi nimetumia `apt install tomcat9` badala ya tar.gz. Programu inawaka vizuri, lakini mtu akipakia kiambatisho inasema "Read-only file system". Nimeweka `chown tomcat` kwenye `/srv/data/ghala`, nimeweka hadi 777, bado. Diski haijaharibika, naandika humo bila shida nikiingia kama tomcat.

---

#13 kisimbuzi

Rudisha ruhusa zako kwanza mkuu, 777 haihusiki hapa na inaacha mlango wazi.

Kifurushi cha Debian na Ubuntu kinaendesha Tomcat ndani ya uzio wa systemd. Faili lake la huduma lina `ProtectSystem=strict`, maana yake mfumo mzima wa mafaili ni wa kusoma tu kwa prosesi ile, isipokuwa folda zilizotajwa: `webapps`, `logs`, na ile ya konteksti. Wewe ukiingia kama tomcat kwenye ganda la kawaida huko nje ya uzio, ndiyo maana unaandika.

Fanya hivi: `systemctl edit tomcat9`, kisha

```
[Service]
ReadWritePaths=/srv/data/ghala
```

Halafu `systemctl daemon-reload` na uwashe upya. Usihariri faili la awali lililoko `/lib/systemd`, maana kifurushi kikisasishwa litaandikwa juu.

---

#14 poti_8080

Imekubali mara moja. Sasa kuna jingine, picha zinahifadhiwa lakini nginx (seva ya wavuti) ikijaribu kuzionyesha moja kwa moja kutoka folda hiyo inatoa 403.

---

#15 mlinzi_wa_logi

Hiyo ni umask, yaani ruhusa zinazoondolewa faili linapoundwa. Tangu 8.5, Tomcat huandika mafaili kwa umask ya 0027, yaani wengine wote hawasomi. Mwongeze mtumiaji wa nginx kwenye kundi la `tomcat`, kisha iwashe nginx upya ili atambue kundi jipya. Wapo wanaobadilisha UMASK kuwa 0022. Mimi siipendi njia hiyo kwa folda yenye nyaraka za watu.

---

#16 msanifu_mtulivu

Naomba nitofautiane kidogo. Kwa nini bado tunahangaika na Tomcat ya kujitegemea? Jenga JAR yenye Tomcat ndani, `java -jar`, umemaliza. Au weka kwenye kontena (mfano Docker). Hakuna `conf`, hakuna `lib`, hakuna suala la `javax` na `jakarta` kugongana na seva, maana kila programu inakuja na seva yake.

---

#17 mlinzi_wa_logi

@msanifu_mtulivu, kwa programu mpya unayoiandika mwenyewe nakubaliana nawe kabisa, na ndivyo ninavyofanya. Uzi huu ni kwa ajili ya yule aliyepewa WAR na hana msimbo. Wako wengi: mifumo ya hospitali, maktaba, uhasibu, ramani. Wanaopewa kuitunza mara nyingi hawakuwepo ilipochaguliwa.

Kuhusu kontena, kanuni haibadiliki. Ukitumia picha rasmi ya `tomcat` na ukaacha viambatisho viandikwe ndani ya kontena, siku ya kuvuta picha mpya unakutana na kilio kile kile cha mchango wa kwanza. Folda ya data bado itoke nje, faili la konteksti bado liingizwe kutoka nje.

---

#18 msanifu_mtulivu

Hapo sawa. Nakubali kwamba WAR za watu wengine huna uchaguzi.

---

#19 tabia_ya_usiku

Swali langu ni la kanzidata. Tunatumia MySQL. Mfumo unafanya kazi siku nzima, lakini asubuhi mtu wa kwanza kuingia anapata kosa la muunganisho, akijaribu tena na tena unakaa sawa. Usiku hakuna anayeutumia.

---

#20 mlinzi_wa_logi

Usiku mtupu ndio sababu. MySQL ina kigezo kiitwacho `wait_timeout`, na thamani yake ya kawaida ni sekunde 28800, yaani saa 8. Muunganisho uliokaa kimya kwa muda huo unakatwa upande wa kanzidata. Tomcat haijui. Kwenye akiba yake bado inauona ni mzima, na asubuhi inampa mtu wa kwanza kitu kilichokufa. Kila jaribio linaondoa mmoja mfu, hadi akiba ipate miunganisho mipya.

Ndiyo kazi ya `validationQuery="SELECT 1"` pamoja na `testOnBorrow="true"`. Kabla ya kuutoa muunganisho, Tomcat inaujaribu. Ukiwa umekufa inautupa na kufungua mwingine, mtumiaji haoni kitu. Gharama yake ni swali moja dogo kwa kila ombi, na kwa mifumo mingi huwezi kuipima.

Usiongeze `wait_timeout` hadi siku nzima kama wengine wanavyoshauri. Ngome ya mtandao iliyo katikati nayo inaweza kukata miunganisho iliyolala, na hapo MySQL haina la kufanya.

Na kwa kuwa tuko kwenye akiba ya miunganisho, niseme jambo la majina maana linawaumiza watu. Tangu Tomcat 8 sifa zinaitwa `maxTotal` na `maxWaitMillis`. Mafundisho ya zamani yanaandika `maxActive` na `maxWait`. Ukinakili ya zamani, Tomcat hailalamiki kwa sauti, inapuuza na kutumia thamani zake za kawaida: miunganisho 8, na kusubiri bila kikomo. Matokeo yake ni kurasa zinazozunguka bila kuisha wakati watu wakiwa wengi, na hakuna kosa lililoandikwa. Mwenye kutumia `org.apache.tomcat.jdbc.pool.DataSourceFactory` ndiye bado anatumia majina ya zamani, hiyo ni akiba nyingine.

---

#21 tabia_ya_usiku

Aisee, yetu ina `maxActive="50"`. Kumbe tulikuwa na 8 tu muda wote.

---

#22 dada_wa_data

Kwa hiyo tuweke `maxTotal` kubwa tu, mfano 200?

---

#23 kisimbuzi

Hapana dada. PostgreSQL kwa kawaida inaruhusu miunganisho 100 kwa seva nzima. Programu tatu zenye 40 kila moja zikichangamka pamoja utaanza kuona "sorry, too many clients already", na hapo hata wewe msimamizi unaweza kushindwa kuingia kurekebisha. Jumlisha `maxTotal` za programu zote, acha nafasi ya bakapu na ya mikono yako.

Na kama 20 zinaisha wakati watumiaji ni wachache, kuna msimbo unaofungua muunganisho bila kuufunga. Weka `removeAbandonedOnBorrow="true"` na `logAbandoned="true"`. Logi itakuonyesha ni mstari gani wa programu uliouchukua muunganisho usiurudishe. Mpelekee mtengenezaji ushahidi huo, hatakuwa na la kubisha.

---

#24 mwanzo_mpya

Nimerudi wakuu. Nimeweka nginx mbele na cheti cha HTTPS. Ukurasa wa kuingia unafunguka, nikibofya kuingia inanirusha `http://`, nginx inanirudisha `https://`, inazunguka hadi brauza inakata.

---

#25 mlinzi_wa_logi

nginx inapokea HTTPS, lakini inaongea na Tomcat kwa HTTP ya kawaida. Programu ikiuliza "nimefikiwa kwa njia gani?" Tomcat inajibu kile inachokiona. Inabidi nginx iseme ukweli wa nje, na Tomcat iuamini.

Upande wa nginx:

```
proxy_set_header Host $host;
proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
```

Upande wa Tomcat, ndani ya Host kwenye `server.xml`:

```
<Valve className="org.apache.catalina.valves.RemoteIpValve"
  protocolHeader="X-Forwarded-Proto"/>
```

Na kwenye Connector ya 8080 (mlango wa Tomcat wa kupokea maombi) ongeza `address="127.0.0.1"`, ili asiwepo wa kuifikia Tomcat kwa kuipita nginx pembeni na kujitungia vichwa hivyo mwenyewe. Logi ya maombi nayo itaendelea kuonyesha 127.0.0.1 kwa kila mtu hadi uweke `requestAttributesEnabled="true"` kwenye AccessLogValve.

Ukiwa hapo hapo nginx, angalia `client_max_body_size`. Isipowekwa ni megabaiti 1, na mtu akipakia faili kubwa anapata 413 ambayo Tomcat haina habari nayo.

Kama una Connector ya AJP (itifaki ya kuiunganisha Tomcat na seva ya mbele) kwenye 8009 na huitumii, ifute. Mwaka 2020 lilitangazwa tundu la Ghostcat, CVE-2020-1938, lililomwezesha mtu wa nje kusoma mafaili ya programu kupitia poti hiyo, pamoja na yaliyomo `WEB-INF`. Tangu 9.0.31 AJP imezimwa kwenye `server.xml` inayokuja na Tomcat. Lakini wanaobeba `server.xml` ya miaka iliyopita wanabeba na tundu lake.

---

#26 poti_8080

Kuna siku Tomcat yetu ilizimika yenyewe. Logi imekatika katikati, hakuna kosa, hakuna "OutOfMemoryError". Nianzie wapi?

---

#27 kisimbuzi

`journalctl -k | grep -i "killed process"`. Nina hakika utaikuta java pale.

---

#28 poti_8080

Kweli ipo. Mashine ina RAM ya GB 4, na tumeweka `-Xmx3g`. Kanzidata iko humo humo.

---

#29 mlinzi_wa_logi

Linux ndiyo iliyoiua, siyo Java. Java ikiishiwa kumbukumbu yake yenyewe inalalamika na kuandika. Mfumo ukiishiwa RAM, kiini cha Linux kinachagua prosesi na kuiua papo hapo, haipati hata nafasi ya kuandika neno.

`-Xmx` ni ya eneo la vitu tu. Juu yake kuna Metaspace (maelezo ya madarasa ya programu), msimbo uliotafsiriwa, na kila uzi wa kazi una rafu yake ya takriban MB 1, wakati Tomcat kwa kawaida inaruhusu nyuzi 200. Kwenye mashine yako anza na `-Xmx1536m`, ipe PostgreSQL nafasi yake, uangalie kwa siku kadhaa za kazi halisi.

Vigezo hivi viandike kwenye `bin/setenv.sh` ya CATALINA_BASE, kwa jina CATALINA_OPTS. Usitumie JAVA_OPTS, maana hiyo inasomwa hata na amri ya kuzima. Ongeza na `-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError` ili siku Java yenyewe ikiishiwa upate kitu cha kuchunguza.

---

#30 dada_wa_data

La mwisho kwangu kaka. Toleo jipya limefika leo. Nilitaka kutumia ukurasa wa Manager (wa Tomcat wa kusimamia programu kupitia brauza), nibonyeze Undeploy kisha nipakie jipya. Ni salama?

---

#31 mlinzi_wa_logi

Dada usibonyeze! Undeploy inafuta programu pamoja na faili lake la konteksti ndani ya `conf/Catalina/localhost`. Mipangilio uliyoisumbukia leo yote inakwenda. Ukitaka kuisimamisha tu, kitufe ni Stop. Na upakiaji kwenye Manager una kikomo cha MB 50, WAR nyingi za siku hizi zinazidi hapo. Ikiwa hakuna anayeihitaji Manager, iondoe kabisa kwenye `webapps` pamoja na `examples`.

Utaratibu wangu: bakapu ya kanzidata na ya `/srv/data/ghala`. Zima Tomcat. Ipe WAR ya zamani jina lenye namba ya toleo na uibakize. Weka mpya, futa folda ya `webapps/ghala` iliyofunguliwa na folda ya `work/Catalina`, washa, kaa na logi ya `localhost` wazi hadi uingie mwenyewe kwenye mfumo.

---

#32 msanifu_mtulivu

Na asiyeruhusiwa kuzima mfumo mchana?

---

#33 mlinzi_wa_logi

Tomcat inaweza kuendesha matoleo mawili kwa anwani moja. Hapo faili za konteksti zinaitwa `ghala##001.xml` na `ghala##002.xml`, kila moja na `docBase` yake. Mwenye sesheni inayoendelea anabaki kwenye la zamani, anayeingia upya anapelekwa kwenye jipya. Ukiweka `undeployOldVersions="true"` kwenye Host, la zamani linaondolewa lenyewe sesheni zake zikiisha. Njia hii inahitaji `autoDeploy="true"`, vinginevyo toleo jipya halitaonekana bila kuwasha upya.

Mambo mawili ya kuangalia. Namba zinalinganishwa kama maandishi, kwa hiyo `##11` huhesabiwa kuwa ya zamani kuliko `##2`. Anza na sufuri mbele. La pili ni zito zaidi: matoleo yote mawili yanaandika kwenye kanzidata moja. Kama jipya linabadilisha majedwali kwa namna ambayo la zamani haliwezi kusoma, usijaribu. Omba dirisha la usiku, zima, pandisha.

---

#34 dada_wa_data

Hili letu linabadilisha majedwali. Nimeomba saa 4 usiku, bakapu inaendelea sasa hivi.